Mguu Mmoja Umevimba: Mpangilio wa Vipimo vya Bonge la Damu kwenye Vena

Kuna karatasi ya majibu inayowatuliza watu wasiopaswa kutulia. Mtu kavimba mguu wa kushoto, kaingia maabara ya mtaani kwake, iwe Sinza au Mbagala, kaomba "kipimo cha kuganda kwa damu". Kalipa, katolewa damu, kapewa majibu: INR 1.0. Kawaida kabisa. Anarudi nyumbani roho imetulia, na mguu unaendelea kujaa.

INR haitafuti bonge. Inaonyesha tu plazma yako, yaani yale majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, inachukua muda gani kuganda ikiwa ndani ya mashine. Mtu mwenye bonge kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, lililotanda kutoka nyuma ya goti hadi kinenani anaweza kuwa na INR ya 1.0 na isiwe ajabu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela dirishani, jua unauliza swali gani. Ukiuliza kama kuna bonge, njia ni alama za hatari, kisha D-dima (kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya bonge) au ultrasaundi kutegemea alama zimefika ngapi. Ukiuliza damu inaganda kwa kasi gani, au dawa imefika kiwango, hapo ndipo vipimo vya muda wa kuganda, yaani PT, INR na APTT, vinapata kazi.

Naandika nikiwa upande wa maabara, ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye vipimo. Dawa na dozi ni za daktari anayekuona.

Wasiosubiri kipimo chochote

Pumzi imekata ghafla, kifua kinachoma kila ukivuta hewa, unakohoa damu, au umezimia: hizo ni dalili kwamba kipande cha bonge kinaweza kuwa kimesafiri hadi kwenye mapafu. Nenda moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu nawe, Muhimbili, Mloganzila, Amana, Mwananyamala au Temeke, na usipitie maabara kwanza eti ufike na majibu mkononi. Vivyo hivyo mguu uliovimba sana ukageuka bluu, au ukawa wa baridi na umepauka.

Na mguu usichuliwe. Najua ndilo jambo la kwanza bibi atakalopendekeza, mafuta ya nazi yako jikoni na mikono ya kuchua ipo. Bonge jipya halijashika vizuri kwenye ukuta wa mshipa. Ngojeni mpaka ijulikane ni nini.

Hatua ya 1: Historia

Katikati ya karne ya 19 tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow alichunguza mabonge yaliyokwama kwenye mapafu na asili yake. Jina lake likabaki kwenye mambo matatu ambayo madaktari wanayauliza mpaka leo: damu iliyotulia bila kwenda, ukuta wa mshipa uliojeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na mwelekeo mkubwa wa kuganda. Hapa Dar mambo hayo matatu yana sura zake. Kijana wa bodaboda amevunjika mguu, amefungwa POP, ile plasta ngumu ya mfupa, anashinda kitandani. Mama ametoka kujifungua, na wiki 6 za baada ya kujifungua zina hatari kubwa kuliko hata ujauzito wenyewe. Kuna mgonjwa wa saratani anayekwenda Ocean Road. Kuna mwenye selimundu, mwenye kifua kikuu, anayeishi na VVU, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kuna na aliyeshuka basi la mbali pale Mbezi baada ya kukaa magoti yamekunjwa siku nzima.

Muuguzi anayejua kazi yake haanzi na sindano. Anaanza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mguu ulianza lini kuvimba, na ulianzia wapi?"

"Tangu juzi. Ulianzia hapa kwenye kigimbi. Nikadhani ni ile safari ya Bukoba."

"Na huu mwingine?"

"Huo mzima."

Maswali mafupi, lakini yameshaondoa mengi. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, mara nyingi tatizo liko kwenye moyo, figo, ini au protini ya damu. Mguu uliovimba taratibu kwa miaka, ngozi ikawa ngumu, kwetu Pwani lazima ufikirie matende. Mguu mwekundu, wa moto, wenye kidonda na homa unaelekea zaidi kwenye maambukizi ya ngozi. Bonge la vena kwa kawaida huja kwa siku chache, mguu mmoja, maumivu ya kuvuta ndani ya nyama.

Zamani watu walikunja unyayo wa mgonjwa kwenda juu na kuuliza kama kigimbi kinauma. Alama hiyo haiaminiki: wenye bonge wengi hawaumii, na wasio na bonge wanaumia. Ukiona bado inatumika kama kipimo pekee, omba vingine.

Hatua ya 2: Pima kwa futi ya fundi nguo

Hiki ndicho kipimo cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachorukwa zaidi. Mgonjwa alale chali, miguu imelegea. Papasa chini ya kofia ya goti mpaka upate kinundu cha mfupa mbele ya ugoko. Kutoka kwenye kinundu hicho shuka sentimita 10, weka alama ya kalamu. Zungusha futi pale pale, ishike ngozi bila kuiminya, soma, andika. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili, ukianza tena kwenye kinundu chake, usikadirie kwa macho. Tofauti ikizidi sentimita 3, inahesabika.

Kisha bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko kwa sekunde chache na uachie. Kikibaki kishimo kwenye mguu mmoja tu, andika. Fuata kwa vidole nyuma ya kigimbi, nyuma ya goti na upande wa ndani wa paja mpaka kinenani, uone kama kuna maumivu kwenye njia hiyo ya vena za ndani.

Hatua ya 3: Jumlisha alama

Daktari Philip Wells na wenzake nchini Kanada walichapisha mfumo wa alama mwaka 1997, ukaboreshwa 2003. Unatumika duniani kote, na uzuri wake hauhitaji umeme:

- Saratani inayotibiwa sasa au iliyotibiwa ndani ya miezi 6: 1
- Mguu umepooza, au umefungwa POP hivi karibuni: 1
- Amelazwa kitandani siku 3 au zaidi, au upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12: 1
- Maumivu ukibonyeza njia ya vena za ndani: 1
- Mguu mzima umevimba: 1
- Kigimbi kimezidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3: 1
- Kishimo kinabaki ukibonyeza, mguu wenye tatizo tu: 1
- Vena za juu ya ngozi zimejitokeza, na si zile alizokuwa nazo miaka yote: 1
- Aliwahi kupata bonge la vena: 1
- Kuna ugonjwa mwingine unaoeleza dalili hizi sawa au kuliko bonge: toa 2

Jumla ya 2 au zaidi, bonge linawezekana sana. Jumla ya 1 au chini, uwezekano ni mdogo, ila haujaisha.

Chukua kijana wetu wa bodaboda. POP imetolewa juzi, alama 1. Kigimbi kimezidi kwa sentimita 4, alama 1. Anaumia nyuma ya goti, alama 1. Ana 3. Huyu asipoteze hela ya D-dima, aende ultrasaundi. Chukua mwalimu wa miaka 29 aliyeumia akicheza netiboli, maumivu ni ya kubonyeza kwenye kigimbi, futi inaonyesha tofauti ya sentimita 1, na alisikia msuli ukichomoka akiruka. Alama 1 ya maumivu, toa 2 kwa msuli, anabaki na −1. Kwa huyu D-dima ina maana.

Mjamzito na aliyetoka kujifungua hawamo kwenye mfumo huu, haukujengwa kwa ajili yao. Kwao, mguu mmoja ukivimba, hasa wa kushoto, ultrasaundi ndiyo mwanzo. Kushoto kwa sababu ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya nyonga ya kulia hupita juu ya vena ya nyonga ya kushoto, na mimba ikikua inazidisha kuibana.

Hatua ya 4: D-dima, ya kuanzia kwa wenye alama chache tu

Bonge limeshikiliwa na nyuzi za protini iitwayo fibrini zilizofungwa pamoja. Mwili wenyewe una mkata nyuzi wake, plasmini. Plasmini ikikata bonge, vinabaki vipande vinavyoitwa D-dima, vinaelea kwenye damu, na maabara inavipima. Kwa hiyo D-dima ikiwa juu inasema mahali fulani mwilini kuna fibrini imetengenezwa na inakatwa. Haisemi wapi, wala kwa nini.

Ndiyo maana inapanda kwa upasuaji, kwa mimba, kwa malaria, kwa nimonia, kwa saratani, kwa mgonjwa wa selimundu aliye kwenye maumivu, kwa mfupa uliovunjika, na kwa umri tu. Wodini karibu kila mtu anayo juu. Kuipima kwa mgonjwa aliyelazwa wiki nzima na kidonda cha upasuaji ni kununua jibu unalolijua. Thamani yake iko kwenye jibu la chini: alama 1 au pungufu, na D-dima chini ya kikomo, bonge linaondolewa kwenye orodha na mtu anaenda nyumbani bila ultrasaundi.

Sasa tazama karatasi vizuri, hapa ndipo watu wanapokosea kusoma. Kikomo cha kawaida ni 500 ng/mL kwa kipimo kinachoandikwa FEU. Maabara nyingine zinaandika DDU, na hizo ni takriban nusu: 250 DDU ni sawa na 500 FEU. Nyingine zinaandika 0.5 mg/L, ambayo ni ile ile 500. Namba bila kizio chake ni sawa na kuambiwa bei bila kuambiwa shilingi au dola. Kama kizio hakipo, rudi dirishani uulize.

Kwa aliyezidi miaka 50, madaktari wengi hutumia kikomo cha umri mara 10, kwa FEU. Mzee wa miaka 72 kikomo chake ni 720. Akiwa na alama 1 na D-dima ya 640 FEU, yuko chini. Lakini 640 hiyo ikiwa ni DDU, kwa FEU ni kama 1,280, na mzee anakwenda ultrasaundi.

Mengine mawili kuhusu D-dima. Damu itolewe kabla ya sindano ya heparini, dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu dawa hiyo inaishusha D-dima. Na dalili zikiwa zimekaa zaidi ya wiki 2, jibu la chini halina nguvu ile ile. Ukipewa kaseti ya "ndiyo" au "hapana" isiyo na namba, uliza kama ni ya usikivu wa juu, kwani za zamani hukosa mabonge madogo.

Hatua ya 5: Ultrasaundi, na namna ya kusoma ripoti yake

Hiki ndicho kipimo kinachoona bonge lenyewe. Vituo vingi vya afya Dar vina mashine ya ultrasaundi, lakini nyingi zinatazama mimba. Kwa vena za mguu kunatakiwa kipimio bapa kilichonyooka na mtu aliyezoea. Kwa hiyo piga simu kwanza, uliza mambo mawili: mnapima vena za miguu, na anayepima yupo leo? Simu hiyo inaokoa nauli na nusu siku kwenye foleni ya magari ya Barabara ya Kawawa.

Unalazwa, mguu unakunjwa kidogo na kugeuziwa nje, jeli ya baridi inapakwa kinenani. Kwenye skrini kuna duara mbili nyeusi. Moja inadunda, hiyo ni ateri. Ya pembeni yake ni vena. Mpimaji anakandamiza kipimio moja kwa moja chini. Vena yenye afya hufumba kabisa, kuta zinagusana, duara linapotea. Vena yenye bonge haifumbi. Anasogea sentimita moja au mbili, anakandamiza tena, mpaka nyuma ya goti na, mashine ikiruhusu, kwenye kigimbi.

Kukandamiza huko ndiko kipimo chenyewe. Bonge jipya kwenye skrini linaweza kuwa jeusi kama damu inayopita, hivyo kutazama tu hakutoshi. Rangi nyekundu na bluu za Dopla, zinazoonyesha damu inavyokwenda, zinasaidia, hasa kwenye vena za nyonga ambazo huwezi kuzikandamiza, lakini mashine isiyo na rangi bado inaweza kupima paja na goti vizuri mikononi mwa mjuzi. Ukipimwa bila kukandamizwa hata mara moja, una haki ya kuuliza, kwa adabu: "Samahani daktari, vena imefumba yote?"

Ripoti isome kwa kutafuta majina ya sehemu. Ripoti nzuri inasema vena ya paja imefumba, vena ya nyuma ya goti imefumba, vena za kigimbi zimeonekana au hazikuonekana. "Hazikuonekana" si sawa na "hazina bonge". Kama paja na goti ni safi lakini alama zilikuwa 2 au zaidi na D-dima, ambayo hapo sasa ndipo hupimwa, iko juu, au kigimbi hakikuonekana, kipimo kinarudiwa baada ya takriban wiki moja, kwa sababu bonge la kigimbi linaweza kupanda juu kwa siku hizo. Tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari la kliniki kabla hujaondoka. Watu wengi mguu ukipungua kidogo hawarudi.

Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, inataka mwenye alama nyingi apimwe ultrasaundi ndani ya saa 4, na isipowezekana atolewe damu ya D-dima, aanzishiwe dawa ya kuzuia kuganda wakati anasubiri, na apimwe ndani ya saa 24. Ijumaa jioni mjini kwetu saa 4 ni ndoto, lakini hoja yake inabaki: kama ultrasaundi ni Jumatatu, muulize daktari wa zamu kuhusu dawa ya kusubiria, usikubali tu kuambiwa "rudi Jumatatu".

Bonge la mapafu lina njia yake: CT ya kifua yenye dawa ya kuonyesha mishipa, baada ya kupima kreatinini kwa sababu dawa ile hupita kwenye figo. Ukiwa na dalili za mapafu na ultrasaundi ya mguu ikaonyesha bonge, mara nyingi matibabu huanza bila kusubiri CT.

Hatua ya 6: Damu ya msingi, na kichupa cha bluu

Bonge limethibitika. Kabla ya dozi ya kwanza daktari atataka FBP (hesabu ya chembe za damu) kwa ajili ya chembe sahani na wingi wa damu, kreatinini, vipimo vya ini, na PT/INR pamoja na APTT. Hivi havitafuti bonge tena. Vinaonyesha damu yako ilikuwaje kabla ya dawa.

PT na APTT kwa ndani ni vipimo vya kuhesabu muda. Plazma inapashwa hadi nyuzijoto 37, inawekewa kitendanishi, yaani kemikali ya kuanzisha kuganda, na kalsiamu, mashine inahesabu sekunde mpaka uzi wa fibrini utokee. PT ilielezwa na Armand Quick, Mmarekani, mwaka 1935. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama sekunde 11 hadi 13.5. APTT huwa kama 25 hadi 35. Kila maabara ina kiwango chake kulingana na kitendanishi, kwa hiyo linganisha na kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi yako, si cha jirani.

Kipimo hiki kinaharibikia mkononi mwa anayetoa damu kuliko ndani ya mashine. Kichupa chenye kifuniko cha bluu kina sitreti ya sodiamu ya asilimia 3.2, kazi yake kushika kalsiamu ili damu isigande njiani. Uwiano ni damu 9 kwa sitreti 1. Kichupa kina mstari. Damu ikiishia chini ya mstari, sitreti inakuwa nyingi kuliko damu, sekunde zinaongezeka kwa uongo, INR inapanda kwa uongo, na daktari anapunguza dawa ya mtu aliyepaswa kubaki pale pale. Kichupa ambacho hakijajaa hukataliwa. Tukikuita urudie, hatukusumbui.

Mpira wa kufunga mkono usizidi dakika moja. Kichupa cha bluu kitangulie chekundu na cha zambarau, isipokuwa kuna kichupa cha kuotesha vimelea, hicho ndicho cha kwanza. Sindano ya kipepeo ikitumika na bluu ndiyo ya kwanza, kitolewe kichupa kingine cha kutupa kwanza, maana hewa iliyo kwenye mrija inakula nafasi ya damu. Kisha kipinduliwe taratibu mara 3 hadi 6. Kukitikisa kunavunja chembe. Na damu isitolewe kwenye mkono wenye dripu, wala kwenye mrija uliosukumiwa heparini.

Halafu kuna joto letu. Damu hii inataka joto la chumba, karibu nyuzijoto 18 hadi 24. Januari, kwenye boksi la bodaboda lililokaa juani kutoka Kigamboni, haiko huko, na fakta za 5 na 8, yaani protini za kugandisha damu, huanza kuchoka. Wala usikimbilie friji: baridi huamsha fakta ya 7 na kufupisha PT. APTT ipimwe ndani ya saa 4, mwenye heparini damu yake izungushwe kwenye mashine ndani ya saa 1. PT peke yake inavumilia hadi saa 24 kichupa kikiwa kimefungwa. Kwa sababu hiyo mimi ningechagua kutolewa damu palepale inapopimwa, hata kama kuna kituo cha karibu kinachokusanya na kutuma.

Hatua ya 7: INR kwa anayetumia wafarini

Sekunde za PT za maabara moja haziwezi kulinganishwa na za nyingine. Shirika la Afya Duniani lilileta INR mwaka 1983 kutatua hilo. Unagawanya PT ya mgonjwa kwa PT ya wastani ya watu wazima wenye afya, kisha unapandisha kwa kipeo cha ISI, namba ya usikivu wa kitendanishi. Mgonjwa mwenye sekunde 24 dhidi ya 12: kwa ISI ya 1.0 INR ni 2.0, kwa ISI ya 1.2 ni 2.3. Yaani sekunde zile zile kwenye vitendanishi viwili tofauti hazina maana moja. Maabara ikibadilisha shehena ya vitendanishi bila kubadilisha ISI kwenye mashine, kliniki nzima inapata majibu yaliyopinda. Mwenye mashine akumbuke hilo kila boksi jipya linapofunguliwa.

Kwa bonge la vena, lengo kwa kawaida ni INR kati ya 2 na 3. Wafarini, kidonge cha kuzuia kuganda, haianzi peke yake. Inaenda pamoja na heparini angalau siku 5, na mpaka INR ifike 2 au zaidi kwa saa 24. Sababu ni kwamba fakta ya 7 hupotea ndani ya saa chache, hivyo INR huruka mapema, wakati fakta ya 2, inayobeba uzito wa kuganda, inachukua siku kadhaa kushuka. INR ya 2.2 siku ya tatu inapendeza karatasini lakini mgonjwa bado hajakingwa. Asiachishwe sindano kwa ajili ya namba hiyo.

Wafarini hunywewa jioni, ili damu ikipimwa asubuhi daktari aweze kubadilisha dozi ya siku hiyo hiyo. Mwezi wa Ramadhani jioni inakaa vizuri, baada ya futari. Kisamvu, mchicha, matembele na majani ya maboga vina vitamini K inayopingana na dawa. Usiache mboga. Kula kiasi kile kile wiki hadi wiki, na useme ukibadilisha. INR hupanda ukinywa Septrin, Flagyl au flukonazo, na hushuka sana ukianza rifampisini ya kifua kikuu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza kutoka damu hata INR ikiwa nzuri, na diklofenaki ndiyo utakayopewa kwanza kwenye duka la dawa muhimu ukilalamika mgongo. Mwambie muuzaji: "Natumia wafarini." Na mwanamke anayehisi ujauzito asisubiri kliniki ya mwezi ujao, kwa sababu wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa na heparini.

Vipimo vya tone la kidole vipo na vinasaidia aliye mbali. INR ikisoma juu ya 4 au 5 kwenye mashine ndogo, rudia kwa damu ya mshipa kabla ya kugusa dozi.

Aliyepewa rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia kuganda, hahitaji INR. INR inaweza kusogea kidogo au isisogee kabisa, na haionyeshi dawa imefanya nini. Kinachofuatwa kwake ni figo, FBP, na kama vidonge vinamezwa kila siku pamoja na chakula.

Vipimo vya kuahirisha

Baada ya bonge la kwanza, ndugu wengi hutaka kujua kama damu ya ukoo ina kasoro. Protini C, protini S na antithrombini hushuka zenyewe wakati bonge ni jipya. Protini S hushuka na kwa mimba, na wafarini hushusha C na S zote mbili. Ukipima wiki hiyo unaweza kuandikiwa ugonjwa ambao huna, na karatasi hiyo itakufuata miaka. Fakta 5 Leiden, inayopimwa sana Ulaya, kwetu Waafrika ni nadra, kwa hiyo si ya kuanza nayo.

Kimoja kinastahili kukumbukwa, hasa kwa dada aliyeharibikiwa mimba mara kadhaa na sasa ana bonge: APTT iliyo ndefu bila dawa yoyote. Inaonekana kama damu ya kutoganda, kumbe inaweza kuwa kingamwili inayochelewesha kuganda ndani ya kichupa huku mwilini ikiongeza mabonge. Inaitwa lupasi antikoagulanti, na inafaa itafutwe kabla heparini haijaingia. Ikionekana mara ya kwanza haitoshi, kipimo kinarudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, na maabara iandikiwe wazi kwenye fomu ni dawa gani mgonjwa anatumia siku hiyo.